Kliniki ya jamii, daktari mwenye asili yako au hospitali ya chuo kikuu: familia ya Waswahili Marekani ichague wapi?

Familia inayotua Louisville, Lexington au Phoenix ikitokea kambi ya Nyarugusu, Nakivale au Kakuma kwa kawaida hupelekwa kwa daktari wa kwanza na shirika lililoipokea. Uchunguzi wa wageni wapya unafanyika, chanjo zinadungwa, damu inapimwa, basi. Uchaguzi wenyewe huja miezi michache baadaye: mama amegundulika ana presha, mtoto ana selimundu, baba hataki kusikia habari za hospitali, na kanisani au msikitini kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anasema tafuteni daktari Mwafrika mwenzenu. Mwingine anasema nendeni hospitali kubwa, huko ndiko kuna mashine. Wa tatu anasema kliniki ya jamii ni ya maskini, msijidhalilishe.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa familia zetu nyingi, kliniki ya jamii, ile iitwayo kwa Kiingereza community health center, ndiyo mahali pa kuanzia na kubaki, na daktari anayeyajua maisha yetu atafutwe humo humo kwanza. Hospitali ya chuo kikuu iwe ya rufaa. Lakini kuna magonjwa na hali zinazoupindua mpangilio huo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Asili ya daktari ina uzito gani?

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalobishaniwa zaidi. Mwaka 2018 mtafiti Marcella Alsan na wenzake walitoa matokeo ya utafiti walioufanya Oakland, California. Waliwaalika wanaume Weusi wapatao 1,300, wakiwapata kwenye vinyozi na masoko ya mitumba, waje kupimwa afya bure. Madaktari walikuwa 14: sita Weusi, wanane wa asili nyingine. Kila mwanaume alionyeshwa kwanza picha ya daktari wake na kuulizwa angependa huduma zipi. Hapo hapakuwa na tofauti. Tofauti ilikuja baada ya kukaa naye chumbani. Waliokutana na daktari Mweusi walikubali mengi zaidi, hasa yale ya sindano na kutoboa kidole: kipimo cha kisukari, cha kolesteroli, chanjo ya mafua. Walifunguka zaidi pia, wakataja na mambo mengine yanayowasumbua. Watafiti walikadiria kwamba tofauti hiyo ingeweza kupunguza kwa asilimia 19 pengo la vifo vya moyo kati ya wanaume Weusi na Weupe.

Yule baba asiyetaka kusikia habari za hospitali ana mengi ya kufanana na wanaume wa Oakland. Kwake, daktari anayemwamini ndiye atakayemfanya akubali kupimwa, na bila kupimwa hakuna tiba itakayofuata.

Kuna ushahidi wa aina nyingine, wa wapi madaktari hufanya kazi. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1996 katika New England Journal of Medicine uligundua kwamba madaktari Weusi walikuwa wakihudumia wagonjwa Weusi karibu mara sita zaidi ya madaktari wengine, na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini walihudumia watu wa asili yao karibu mara tatu zaidi. Karibu nusu ya wagonjwa wa madaktari Weusi, asilimia 45, walikuwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2014 utafiti mwingine, huu wa nchi nzima, ulionyesha kwamba madaktari wasio Weupe ndio waliowabeba wagonjwa wengi wasiozungumza Kiingereza nyumbani: asilimia 70.4. Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini vyuo vya udaktari vijali wanafunzi wanatoka wapi, jibu liko kwenye foleni za kliniki za mitaa maskini. Anayetoka huko ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi huko.

Lakini tusiubebeshe ushahidi mzigo usioweza kuubeba. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa watoto waliozaliwa Florida uliodai kwamba watoto wachanga Weusi hufa kwa kiwango kidogo zaidi wakihudumiwa na daktari Mweusi. Ulinukuliwa kila mahali. Mwaka 2024 watafiti wengine waliipitia upya data ileile wakazingatia watoto waliozaliwa na uzito mdogo kupita kiasi, na tofauti ile ikawa karibu kutoweka, kwani watoto hao wenye hatari kubwa walikuwa wakipelekwa zaidi kwa madaktari Weupe. Mama mjamzito asikose usingizi kwa sababu daktari wa watoto ni Mzungu.

Jingine ni hili, na wengi huogopa kulisema hadharani: rangi moja si maisha mamoja. Wanaume wa Oakland walikuwa Weusi wa Marekani, wenye historia yao. Daktari aliyekulia Lagos kwenye nyumba ya geti, au hata Nairobi au Dar es Salaam, anaweza kumtazama mkulima wa Fizi, Kongo, aliyekaa kambini kwa miaka mingi kwa jicho la juu kuliko muuguzi Mmarekani wa Kentucky vijijini ambaye baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Heshima ya daktari utaipima kwa anavyosikiliza. Sura yake haitakuambia hilo.

Mbona hawapatikani?

Anayetafuta daktari Mweusi Marekani agundue mapema kwamba ni wachache: Weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wote, ila miongoni mwa madaktari hawafiki asilimia 6. Sababu moja ina mizizi hapo hapo Louisville. Mwaka 1888 daktari Henry Fitzbutler alifungua mjini humo Louisville National Medical College, chuo cha udaktari cha Weusi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, naye mzaliwa wa Louisville, alitoa ripoti juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vyuo vya Weusi vilikuwa saba. Flexner alipendekeza vibaki viwili tu, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville. Vitano vilivyobaki vilifungwa kimoja baada ya kingine, cha Louisville mwaka 1912. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kama vitano hivyo vingeendelea, vingekuwa vimetoa madaktari zaidi ya 35,000. Morehouse cha Atlanta hakikuanza hadi mwaka 1975. Na tangu Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani imezuia vyuo kuzingatia asili ya mwombaji katika kudahili. Basi usijilaumu ukipiga simu kliniki kumi na usimpate.

Kliniki ya jamii

Wanaosema kliniki hizi ni za kudhalilisha hawajui zilikotoka, na sisi watu wa Afrika tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Miaka ya 1940 Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya Pholela, Natal, Afrika Kusini, ambako daktari alishughulika na bustani za mboga na maji safi kama alivyoshughulika na kifua kikuu. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari Mmarekani, Jack Geiger, alikwenda kujifunza kwao. Aliporudi, yeye na daktari mwenzake, Count Gibson, waliishawishi serikali ya Marekani kujaribu jambo hilo hilo kwake. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Columbia Point, Boston, Desemba 1965, na cha pili Mound Bayou, Mississippi, mwaka 1967. Huko Mississippi madaktari waliwaandikia watoto wenye utapiamlo karatasi za chakula, na duka likawapa kama dawa inavyotolewa famasia. Walipolalamikiwa, Geiger alijibu kwamba kwa anavyojua yeye, dawa ya utapiamlo ni chakula. Leo vituo vya aina hiyo vinahudumia zaidi ya watu milioni 30 nchi nzima.

Faida yake ya kwanza ni fedha. Kwa kanuni za serikali kuu, kituo hakiruhusiwi kukunyima huduma kwa kuwa huwezi kulipa. Kipato chako kikiwa chini ya mstari wa umaskini, unalipa kidogo sana au hulipi; kikiwa chini ya mara mbili ya mstari huo, unapunguziwa. Dawa nazo huja kwa bei nafuu kupitia mpango wa serikali kuu uitwao 340B. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa, kwa sababu sheria iliyosainiwa Julai 2025 inawaondoa wakimbizi wengi wasio na kadi ya ukaaji wa kudumu katika Medicaid kuanzia Oktoba 2026. Familia iliyozoea kliniki yenye malipo ya kipato haitabaki barabarani siku bima itakapokatika.

Faida ya pili haizungumzwi vya kutosha: angalau asilimia 51 ya wajumbe wa bodi ya kituo lazima wawe wagonjwa wa kituo hicho. Mkongo au Mswahili anaweza kukaa kwenye meza hiyo na kudai mkalimani, saa za jioni, au mhudumu wa afya ya jamii anayetoka kwetu. Hospitali kubwa haikupi kiti hicho.

Udhaifu wake ni kuhamahama kwa madaktari. Wengi huja kwa mikataba: wapo wanaolipiwa deni la masomo na serikali kwa kufanya kazi miaka kadhaa kwenye eneo lenye upungufu, na wapo wageni waliosomea nje ambao huruhusiwa kubaki nchini, badala ya kurudi kwao visa ikiisha, wakihudumia eneo kama hilo kwa miaka mitatu. Mpango huo wa pili umekuwapo tangu mwaka 1994, na kila jimbo linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka. Ndio unaowaleta Wanaijeria, Wahindi, Wapakistani na mara mojamoja Mwafrika Mashariki kwenye miji midogo. Wazuri wengi mno. Lakini mkataba ukiisha baadhi huondoka, nawe unaanza upya kumsimulia mwingine historia yako. Muulize daktari bila aibu: una mpango wa kubaki hapa muda gani?

Daktari binafsi mwenye asili yako

Akiwepo, na akiwa mtu mwema, hakuna kinachomfikia katika magonjwa ya muda mrefu. Anajua ugali ni nini na unaliwa kiasi gani, anajua Ramadhani ikoje kwa mwenye kisukari, anajua kwamba mgonjwa wetu husema "ndiyo, daktari" hata kama hajaelewa, kwa adabu tu. Hakuulizi mara mbili kwa nini umechelewa kuja.

Vikwazo ni viwili. Ofisi ndogo nyingi hazipokei Medicaid au zimefunga milango kwa wagonjwa wapya wenye bima hiyo, kwa kuwa malipo yake ni madogo. Na pindi daktari akiwa likizo, anayemshikia nafasi huenda asijue neno la Kiswahili, wala ofisi haina huduma ya mkalimani iliyo tayari. Kabla ya kujiandikisha, uliza nani anampokea mgonjwa wakati yeye hayupo.

Kuna na suala la siri. Jamii zetu ni ndogo. Daktari mwenyewe hula kiapo, lakini msichana wa mapokezi anaimba kwaya na shangazi yako. Kwa ujauzito ambao familia haijaujua, kwa VVU, kwa kipigo cha nyumbani, watu wengine wanapumua vizuri zaidi mbele ya mgeni kabisa. Hilo si usaliti kwa jamii. Ni haki ya mgonjwa.

Hospitali ya chuo kikuu

Hapa ni kwa ubingwa. Kliniki zake za kawaida huendeshwa na madaktari wanaosomea ubingwa, kwa kawaida kwa miaka mitatu, wakisimamiwa na wakubwa, kwa hiyo utabadilishiwa sura mara kwa mara. Miadi huchukua muda, maegesho ya gari ni ghali, na majengo yanachosha. Sioni sababu ya mtu mwenye presha ya kawaida kuhangaika huko.

Ila zipo hali ambapo ni kosa kutokwenda. Selimundu ndiyo ya kwanza. Mtoto anahitaji penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka mitano, kipimo cha mtiririko wa damu kwenye ubongo kila mwaka kuanzia miaka miwili, na haidroksiurea inayosimamiwa na daktari wa damu. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni kwa ugonjwa huu, na hizo hupatikana kwenye vituo vikubwa pekee. Ya pili ni maradhi tuliyokuja nayo. Mwaka 2015 nchini Uganda, wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakisubiri kusafiri kwenda Marekani walikutwa na bandama kubwa isiyo na sababu iliyo wazi, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatoa taarifa. Kichocho, minyoo ya muda mrefu, homa ya ini ya B: daktari wa mtaani aliyesomea Ohio anaweza asiyafikirie hayo, awe Mweusi au Mweupe. Mwambie ulikopita, ukitaja nchi na miaka, kisha uombe rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza.

Jambo moja linahusu kila jengo: vifaa. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni hukosea kugundua upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa Weupe. Daktari Mweusi anatumia kifaa kilekile. Mtu akisongwa na pumzi huku kifaa kinasema yuko salama, sema unavyojisikia, na useme tena.

Lugha kabla ya sura

Ikiwa huwezi kupata vyote, mimi ningeanza na lugha. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazitaka kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kukupa mkalimani mwenye sifa, bure. Hazitakiwi kumtegemea mtoto wako afasiri, isipokuwa dharura hasa. Naomba wazazi wanisikie hapa: binti wa miaka 12 asimfasirie mama yake habari za saratani ya shingo ya kizazi. Anabeba kitu kisichomhusu, na mama anameza nusu ya maneno yake kwa kumwonea mtoto haya.

Uliza pia ni Kiswahili kipi. Mama wa Bukavu akiletewa mkalimani wa Mombasa wataelewana katika salamu, na kwenye maelezo ya maumivu wataanza kupotezana. Una haki ya kusema hamuelewani na kuomba mwingine. Na kama mkalimani aliyepo chumbani ni mtu wa kanisa lenu na jambo ni la siri, omba wa simu. Atakuwa jimbo jingine na jina lako halimhusu.

Kwa hiyo nani aende wapi?

Mwenye presha au kisukari: kliniki ya jamii, na ndani yake uombe daktari mwenye asili au lugha yako ikiwa yupo. Haya ni magonjwa ya kuaminiana na kurudi, na dawa za bei nafuu ziko hapo. Mwanaume mkaidi, mtafutieni daktari anayefanana naye hata kama ni mwendo wa saa moja, angalau kwa ziara ya kwanza. Akishapimwa anaweza kuhamia karibu.

Mjamzito: kliniki ya jamii kwa mahudhurio, mradi ujue mapema utajifungulia hospitali gani na kama kuna wakalimani usiku. Mwaka 2023 vifo vya wanawake Weusi vitokanavyo na uzazi vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na vya Weupe 14.5. Takwimu hizo zinatuhesabu na sisi. Kichwa kikiuma bila kukoma, macho yakiona ukungu au miguu ikivimba ghafla, hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, nenda na useme kwamba umejifungua karibuni. Nenda na mtu mzima wa kukusemea, mama mdogo au wifi, kwa sababu aliye kwenye uchungu hana nguvu za kubishana.

Mwenye selimundu: hospitali ya chuo kikuu iwe ndiyo kuu, na kliniki ya jamii kwa chanjo na mafua. Omba karatasi yenye mpango wa maumivu uliosainiwa na bingwa wako, uiweke kwenye simu. Miongozo ya madaktari wa damu inataka dawa ya maumivu itolewe ndani ya saa moja baada ya kufika chumba cha dharura. Bila karatasi hiyo, kijana Mweusi anayeomba dawa kali mara nyingi hutiliwa shaka.

Aliyeona vita na halali usingizi: hapa ninampa uzito wa kwanza mtu anayeijua lugha yake kabisa, hata kama si daktari. Mshauri au mhudumu wa afya ya jamii anayemsikia bila mtu wa kati anafika asikofika bingwa wa magonjwa ya akili mwenye simu ya mkalimani. Siri ikiwa ndiyo hofu, atafutwe wa mji mwingine kwa video.

Na kwa dharura usichague chochote. Tangu mwaka 1986 sheria inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura na zinazopokea Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee), yaani karibu zote, zimpime na kumtuliza yeyote anayefika, awe na bima au asiwe nayo. Nenda iliyo karibu.

Wengi wetu hatujui kwamba daktari tuliyepangiwa na bima ya Medicaid tunaweza kumbadilisha. Jina lake mara nyingi limechapishwa kwenye kadi kwa sababu tu kompyuta iliona anapokea wagonjwa wapya kwenye msimbo wenu wa posta. Nyuma ya kadi kuna namba ya simu. Piga, taja neno "Swahili", usubiri mkalimani aingie, kisha uulize mambo matatu: nani kati ya madaktari wenu anazungumza Kiswahili au Kifaransa, yupi anapokea wagonjwa wapya, na mabadiliko yataanza tarehe gani. Andika jina la uliyezungumza naye pamoja na tarehe hiyo, na usikose miadi ya daktari wa zamani hadi siku hiyo ifike.